Waya wa Vikombe

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua vidonge vyangu vya presha. Nesi kijana aliyekuwa dirishani akaona kwenye kadi yangu kwamba zamani nilikuwa mfanyakazi wa afya. Akaniuliza, "Shosho, hapa Isiolo ulikuwa unafanya kazi gani hiyo miaka?" Nikamwambia nilikuwa kwenye kambi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mwishoni nikawahudumia watu wa kwanza tuliojua wana ukimwi. Akaweka kalamu chini. "Na hakukuwa na dawa. Sasa mlikuwa mnawapa nini?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mzee mmoja alikuwa ameanza kukohoa kile kikohozi cha kuniambia nisogee. Nikasema nitamjibu siku nyingine. Basi jibu ndilo hili, na nimeliandika ili wenzake nao wasome. Nawaandikia hasa nyinyi mnaokaa na wazee wenye virusi. Siku hizi dawa ipo, mzee anaishi miaka na miaka, lakini bado nawaona pale kwenye benchi wameinamisha vichwa. Dawa inashughulika na damu. Kichwa kilichoinama ni kazi yenu.

Jina langu ni Kananu. Nimezaliwa Meru, nikateremka Isiolo miaka ya sabini nikiwa msichana mwenye viatu vipya na maringo mengi. Kila mtu aliniita Sista, ingawa nilikuwa msaidizi tu, wa kuchemsha sindano na kugawa vidonge. Kambi yetu ilikuwa nje kidogo ya mji. Sababu ya kuwa na kambi ni kwamba mfugaji huwezi kumwambia arudi kliniki kila siku kwa mwaka mzima na zaidi, maana mifugo ikihama naye anahama. Kwa hiyo wagonjwa walijenga vibanda vyao vya mikeka hapo hapo, wakaishi nasi mpaka dawa iishe. Kulikuwa na Waborana, Wasomali, Waturkana, na Wameru wachache waliojificha kwa aibu. Huko nje baadhi yao walikuwa wakiibiana ng'ombe. Ndani ya kambi walikohoa pamoja.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Guyo, Mborana, dresa, yaani msafisha vidonda, wa siku nyingi, mtu mrefu aliyetembea polepole kama aliyesahau anakokwenda. Hakuwa na vyeti vya kutundika ukutani. Lakini hadi leo sijaona mtu aliyejua wazee kumshinda.

Nianze na makosa yangu ya kwanza. Wiki yangu ya kwanza Guyo alinituma nijue kama wagonjwa wote wapo. Nikasimama katikati ya kambi, nikanyoosha kidole, nikaanza kwa sauti ya shule: moja, mbili, tatu, nne. Nilipofika kumi na kitu niliona watu wanaingia ndani ya vibanda na kufunga milango. Nilidhani wanacheka. Kesho yake asubuhi mzee mmoja kutoka Korbesa hakuwepo. Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa, mikeka imefungwa juu ya ngamia, na yeye na mke wake walikuwa wameondoka kabla ya jua. Matibabu yake yalikuwa yamefika nusu.

Guyo hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwenu, Sista, mtu akiuliza baba yako ana watoto wangapi, anajibu?"

"Anajibu."

"Hapa hajibu. Hata ng'ombe hatuhesabu kwa mdomo. Ukihesabu, unaita kitu ije kupunguza. Na wewe umehesabu watu wagonjwa, tena na kidole."

Alimfuata yule mzee hadi karibu na Merti. Ilimchukua zaidi ya wiki, na alirudi naye. Mzee alikubali kuendelea na sindano kwa sharti kwamba yule msichana wa Meru asimwangalie akiwa na kalamu mkononi. Kwa miezi miwili nilikuwa nikimwona anakuja naiweka kalamu nyuma ya mgongo.

Hapo ndipo Guyo alipobuni waya. Alisimamisha nguzo mbili mbele ya ofisi, akavuta waya kati yake, akakunja ndoano. Kila mgonjwa alipewa kikombe cha bati, na mwenyewe akakwaruza ubavuni chapa ya mifugo ya ukoo wake. Jioni vikombe vilioshwa na kutundikwa. Asubuhi kila mtu alichukua chake, akapewa chai ya maziwa, akameza vidonge mbele yetu. Jua likifika kwenye nguzo ya pili, unatazama waya. Kikombe kilichobaki kinakuambia nani hajaja. Tulihesabu vikombe, hatukuhesabu watu, na hakuna aliyehama tena kwa sababu yangu.

Mlinzi wa waya alikuwa Nakiru, bibi wa Kiturkana. Alikuja kama mgonjwa, akapona, akakataa kuondoka kwa sababu wanawe walikuwa wametawanyika. Guyo akampa cheo. Kazi yake ilikuwa kuosha vikombe na kuangalia chini ya ulimi kama kidonge kimeteremka. Wanaume wazima waliokuwa wameua simba walimfungulia Nakiru mdomo kama watoto. Akikuta kidonge kimefichwa shavuni, alikaa chini mbele yako akakutazama mpaka unameza.

Guyo alikuwa na njia yake na mzee aliyekata tamaa. Mnajua wa namna hiyo: anageukia ukuta, hajibu salamu, chakula kinapoa. Sisi wengine tulikuwa tunamwendea na kumwambia, "Mzee, jikaze." Guyo alinikataza neno hilo. Alisema mtu aliyepita kiangazi na vita, aliyezika watoto, hana haja ya kufundishwa kujikaza na msichana aliyelia juzi kwa sababu alikosa barua. Yeye aliingia kibandani, akamaliza salamu zote za Kiborana, nagaa, yaani amani, ya watu, nagaa ya mifugo, nagaa ya mvua, bila haraka. Halafu alisema, "Mzee, nina shida."

Alikuwa na mbuzi mmoja wa kuazima. Alimkokota mpaka mlangoni akasema mbuzi huyu amekataa kula, hebu mzee mtazame. Mzee aliyekuwa hajainuka siku tatu anainuka kwa kiwiko, anamshika mbuzi mdomo, anamfungua jicho, anaanza kutoa amri. Mbuzi huyo alipita kwa wagonjwa wengi kabla ya mzee mmoja kumwambia Guyo, "Hii mbuzi haina ugonjwa. Ugonjwa yake ni wewe, unaivuta vuta kila siku." Lakini wakati huo alikuwa ameshakaa, ameshakasirika, na ameshaomba chai.

Nimewaeleza hayo yote ili mwelewe nilivyomkosea Mzee Halake, maana nilimkosea nikiwa nimeshafundishwa.

Halake alikuja mwisho wa miaka ya themanini. Guyo alikuwa amestaafu. Mambo mengine yalikuwa yamebadilika, matibabu ya kifua yalikuwa yamefupishwa hadi miezi michache na vibanda vilikuwa vimepungua, lakini waya ulikuwepo na Nakiru alikuwepo. Halake alikuwa dalali wa mifugo, mzee wa Garbatulla mwenye ndevu nyekundu za hina, mjane, mcheshi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume hapa mjini, Wario, mwenye duka dogo, na mke wa Wario aliitwa Talaso. Talaso alikuwa na mimba ya kwanza. Halake aliongea juu ya mimba hiyo kwa kila aliyepita. Kwa Waborana mtoto wa kwanza akiwa wa kiume, babu ndiye anayebariki buna siku ya kumpa jina. Buna ni kahawa, punje zake zinakaangwa nzima kwenye samli, wazee wanaomba dua, halafu watu wote wanakula na kunywa kutoka chombo kimoja. Halake alikuwa ameshachagua jina. Alikataa kututajia.

Kifua chake kilipokawia kupona, daktari wetu alichukua damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yalirudi baada ya wiki nyingi. Ulikuwa ule ugonjwa mpya tuliokuwa tukiusikia redioni. Daktari alimwambia, mimi nikitafsiri pale Kiswahili kilipokwama. Halake alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Mungu anajua," akamshukuru daktari, akatoka. Mtaniuliza aliupata wapi. Watu wengi waliniuliza hivyo, na jibu langu ni kwamba sikumwuliza. Lingenisaidia nini kumpa chai?

Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tatu juu ya ugonjwa huo. Nilikuwa na daftari. Ndani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba hauambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Nikalipigia mstari. Na bado siku ya tatu baada ya majibu yale, nilipokuwa nimebaki peke yangu mbele ya waya jioni, nilikiondoa kikombe cha Halake katikati ya wengine nikakitundika kwenye msumari ulio kwenye mlango wa ofisi. Nilijiambia ni kwa faida yake, asije akapata vijidudu vya wenzake. Nilijidanganya. Kichwa kilijua na mkono ukaogopa.

Asubuhi alikuja kama kawaida. Mkono wake ulikwenda mahali pake kwenye waya, ukakuta ndoano tupu. Akatazama huku na huku mpaka akauona msumari. Wagonjwa wote walikuwa pale. Alikwenda akakichukua, akanywa, akameza vidonge, akakigeuza kikombe mdomo chini mchangani, akarudi kibandani kwake. Nakiru alinitazama kama anavyomtazama aliyeficha kidonge shavuni.

Siri ya yule mzee sikuitoa kwa mdomo wangu. Niliitoa kwa msumari. Hakuna aliyejua jina la ugonjwa, lakini wote walijua sasa kwamba kati ya wagonjwa kuna mmoja ambaye hata wagonjwa wametengwa naye. Kambi ina masikio na mji una midomo. Siku chache baadaye Wario, aliyekuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, hakuja. Ijumaa iliyofuata hakuja. Tulisikia Talaso amejifungua mtoto wa kiume, na tulisikia kutoka kwa muuza maziwa.

Na kikombe cha Halake, ambacho nilikuwa nimekirudisha haraka kwenye waya, kilibaki kikining'inia jua likipita nguzo ya pili. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa hajala cha maana wala kumeza kidonge.

Niliingia kwake. Alikuwa amegeukia mkeka.

"Abba Wario," nikasema, maana ndivyo wazee wa huku wanavyoitwa kwa heshima, kwa jina la mtoto, "kikombe chako kinakungoja."

"Hiyo kikombe ulitoa kwa wengine."

"Nimekirudisha. Yalikuwa makosa yangu."

"Mimi ni mtu ya ng'ombe, Sista. Ng'ombe moja ikitolewa kwa zizi asubuhi, hakuna mtu anaiambia kitu. Yenyewe inajua inapelekwa wapi."

Nilitoka nikiwa naona haya ambayo hata leo nikiyaandika naona masikio yanapata moto. Nikaenda moja kwa moja kwa Guyo, nyumbani kwake, nikamweleza nilichofanya, bila kumtajia ugonjwa wa mtu. Alisikiliza akipukuchua mahindi. Akauliza swali moja tu.

"Wewe chai yako unakunywa wapi?"

"Ofisini."

"Na kikombe gani?"

"Changu. Cha maua."

Akaendelea kupukuchua mahindi. Nikaaga.

Nilielewa njiani. Miaka yote ile nilikuwa nikiwagawia watu chai na mimi kunywa yangu ndani, mlango umefungwa. Hakuna siku nilikunywa mbele ya waya. Kesho yake nilitundika kikombe changu cha maua karibu na cha Halake, vikioshwa katika beseni moja, na asubuhi nikakichukua nikanywa chai nimesimama pale pale nje. Siku ya pili upepo wa Isiolo, mnaujua, ulikigonga kwenye nguzo kikavunjika. Nakiru alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniletea cha bati, akaniuliza, "Sasa hii haina chapa. Ukipotea, nani atajua wewe ni wa nani?" Sisi hatukuwa na chapa nyumbani, tulikuwa na kahawa na migomba. Akachukua msumari, ule ule niliotundikia kikombe cha Halake, akanikwaruzia chapa ya ng'ombe wa baba yake. Basi kuanzia siku hiyo mimi, mtu wa Meru, ni wa zizi la Kiturkana.

Halake alisikia kicheko. Aliniambia baadaye kwamba alisikia, na akajiuliza ni nini kinachochekesha asubuhi hiyo. Lakini hakutoka. Ikabidi nimwendee na shida.

Tofauti na mbuzi wa Guyo, shida yangu ilikuwa ya kweli. Kambi ilikuwa na mbuzi wachache wa maziwa, na mwaka uliotangulia mimi ndiye niliyetumwa sokoni kuwaongezea. Nilirudi na mbuzi mzuri sana, mnene, anayeng'aa. Alikuwa tasa. Nilimlisha mwaka mzima nikingoja maziwa.

Nilimaliza salamu zote. Mifugo, mvua, barabara ya Garbatulla. Halafu nikasema, "Abba Wario, nina shida. Kesho natumwa tena sokoni kununua mbuzi."

Nikaongeza:

"Wa mwaka jana unamjua. Ni yule mweupe."

Mkeka ulitikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kinachopigana na kikohozi. "Ile nyeupe wewe ndiye ulinunua? Mimi nilikuwa nafikiri ni ya nyama." Akageuka. "Nani alikuuzia?"

Nikamtajia. Akakaa kitako. "Huyo mtu akiona wewe anashukuru Mungu. Kesho tunaenda na mimi. Lakini wewe usiongee hata kidogo."

"Utaenda bila kumeza dawa? Utaanguka njiani."

Alijua ninachofanya, kwa sababu alikuwa dalali na mimi nilikuwa nauza. "Kesho asubuhi," akasema. Na asubuhi kikombe chake kilitoka kwenye waya kabla ya cha mtu mwingine yeyote.

Sokoni alitembea kwa fimbo, nguo zikimpwaya, na watu walimtazama. Alisalimia wote. Alikamata mbuzi kiwele, akawafungua midomo, akamwambia yule muuzaji wangu maneno ya Kisomali ambayo sikuyaelewa na mwenyewe aliyeambiwa aliinama. Tulirudi na mbuzi watatu. Tulipumzika kivulini kwenye ukuta wa ghala, na hapo nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nataka kulijua. Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, alikuwa amepoteza mifugo yake yote, kama wengi wa kwao. Alianzaje tena?

"Watu wanasema nilikuwa na nguvu," akasema. "Hakuna nguvu. Nilikuwa natembea mchana kutafuta kitu, nikichoka nataka kulala hapo hapo chini ya mti nisiamke. Lakini mama Wario alikuwa ananingoja jioni na chai. Kama mtu anakungoja, utafanya nini? Unarudi. Kesho unatoka tena. Hiyo ndiyo nguvu."

Watoto wangu, nimekwenda semina nyingi baada ya hapo. Nimesikia maneno marefu juu ya namna ya kumjenga mzee moyo. Hakuna lililonisaidia kuliko hayo yaliyosemwa pale ukutani, mbuzi wakila karatasi zilizotupwa sokoni. Nilielewa hata waya wetu ulikuwa wa nini. Sisi tulidhani ni wa kujua nani hajameza dawa. Kumbe mtu aliamka, akaona kikombe chake kinaning'inia, akajua kuna anayengojwa, na anayengojwa ni yeye.

Kilichobaki kilikuwa kwa Wario. Nilimwomba Halake ruhusa niende nikaeleze. Hilo nalo msilisahau, ruhusa ni ya mwenye ugonjwa, si yenu. Alifikiri siku mbili. Kisha akasema, "Ongea na Talaso. Wario ataogopa anyamaze. Talaso akiogopa anauliza."

Alimjua mkaza mwana wake. Talaso alinikaribisha, mtoto mgongoni, na nilipomaliza kueleza hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza maswali. Mzee akimbeba mtoto? Hakuna neno. Wakila sahani moja? Hakuna neno. Akikohoa? Dawa ya kifua imeshafanya kazi, kikohozi hicho hakidhuru tena. Akijikata? Vaa mfuko wa plastiki mkononi, osha damu kwa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Wembe? Wembe wake peke yake, hilo ni lazima. Kikombe? Hapo nikamweleza habari ya msumari, yote, jinsi nilivyoujua ukweli na nikafanya vile. Wario alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Nilipomaliza akatoka.

Ijumaa alikuja kambini. Alisimama mbele ya baba yake akasema, "Baba, mtoto hana jina mpaka leo. Watu wanatucheka."

"Mwambie mama yake akaange buna," Halake akasema.

Siku ya kuondoka kambini kwenda kukaa kwa Wario, Halake alinishangaza. Aliomba kikombe chake. Nikamwambia nyumbani kwa Wario kuna vikombe. "Najua," akasema. "Lakini pengine watanipa moja ya peke yangu. Afadhali niende na yangu kuliko kupewa." Alisema kwa upole, bila uchungu, kama mtu anayebeba mwavuli. Nilikifunga kwenye gazeti, nikakaza kwa kamba ya katani, nikampa. Moyo wangu uliuma, kwa sababu hofu hiyo mimi ndiye niliyemfundisha.

Aliishi zaidi ya miaka miwili, na bila dawa ya ugonjwa wenyewe hiyo ilikuwa mingi. Nilimwona sokoni mara kwa mara, wakati mwingine ana nguvu, wakati mwingine anakaa kwenye kiti wauzaji wakimletea mbuzi awatazame. Mjukuu alijifunza kutembea akishika fimbo yake. Jina alilompa ni la yule mama Wario aliyekuwa akingoja jioni na chai, wakaligeuza la kiume. Kiangazi kimoja homa ya mapafu ilimshika, akafa nyumbani, akiwa amelala kwenye mkeka wake na watu wamejaa chumbani.

Baada ya siku za matanga Wario alikuja kambini. Alinipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Lilikuwa gazeti langu, na kamba ya katani ilikuwa na fundo langu, sijui kufunga fundo lingine. Halikuwa limefunguliwa.

"Hakukitumia?" nikamwuliza.

"Siku ya kwanza alitaka kukifungua," Wario akasema. "Talaso alikuwa amemwaga maziwa kwa kikombe chake mwenyewe, akampa. Baba akasema, nina yangu hapa. Talaso akasema, hiyo ni ya hospitali. Akaiweka juu ya kabati."

Tulikifungua pamoja. Chapa ilikuwa bado inaonekana vizuri. Nikakitundika kwenye waya karibu na changu, na Nakiru, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaja akakipapasa kwa kidole na kuuliza kama mzee wa mbuzi amerudi. Nikamwambia amekuja kutusalimia. Akakiosha pamoja na vingine.